Kapeti inalowa, rangi inafura: kutu ya ndani kwenye Mustang ya 1967

Swali: Shikamoo fundi. Mimi niko Columbus, Ohio, kwetu Tanga. Nimenunua Mustang kupe ya 1967, injini 289, nyekundu inang'aa mpaka unajiona uso. Tatizo mvua ikinyesha kapeti ya upande wa abiria inalowa chapachapa na ndani kunanuka uvundo. Alafu nimeona viputo vya rangi kwenye madigadi nyuma ya tairi ya mbele, na kimoja juu ya tairi ya nyuma. Gereji moja wameniambia ni raba ya kioo cha mbele imechoka, na sakafu wataipaka ile rangi ya kuzuia kutu waweke faibaglasi juu, kwisha kazi. Kuchomelea najua kidogo, nina mashine. Nifanye mwenyewe ama niiuze kabla haijanifia mkononi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole, manake najua ile furaha ya kuleta gari nyekundu nyumbani alafu wiki ya tatu unakausha kapeti na taulo. Kuna wazee wa huku watakwambia Mustang ya 289 si gari ya misuli, ni farasi mdogo tu, mpaka iwe na ile injini kubwa ya 390 iliyoingia mwaka huohuo wa 1967 ndo wataikubali. Waache. Kutu haiulizi injini.

Raba ya kioo inaweza kuwa imechoka kweli, sikatai, gari ina karibu miaka 60. Lakini kwa Mustang za 1965 mpaka 1968, mtu akiniambia kapeti ya mbele inalowa mvua ikinyesha mimi sianzi na kioo, naanza pale chini ya waipa. Unaona vile vitundu virefu vya kuingiza hewa? Chini yake kuna boksi limekwenda upana mzima wa gari, mabati mawili yamelaliana, moja juu moja chini, yameshikwa kwa spoti weldi za kiwandani, yaani nukta ndogondogo za kuchomelea. Wenyewe wanaliita cowl, sisi gereji tunatamka kauli basi, na jina limelikaa manake lina kauli mbili, bati la juu linakwambia mimi mzima na la chini lilishaoza zamani.

Mvua kuingia mle si kosa, ndo lilivyoundwa. Bati la chini lina matundu mawili ya kupitisha hewa ndani ya gari, la upande wa abiria linaenda kwenye boksi la hita, la pili liko upande wa dereva, na kila tundu limezungushiwa ukingo wa bati uliosimama, fikiria kofia ya kiua iliyokatwa juu, ili maji yapite pembeni yasitumbukie. Maji yanatakiwa yakimbilie ncha mbili za boksi, yashuke nyuma ya madigadi, yatoke chini karibu na bawaba za mlango. Sasa weka hapo majani ya miti ya miaka 50. Yanalala kando ya zile kofia yanashika unyevu kama sponji, na rangi ya kiwandani mle ndani haikufika vizuri, basi kofia inaliwa kuanzia shinani mpaka inakuwa chekeche, na maji yakifika hapo hayapiti pembeni tena, yanaangukia kwenye hita na kushuka kwenye kapeti. Upande wa abiria, kama kwako. Na vile viputo vya madigadi nyuma ya tairi ya mbele ni ndugu wa hiyo kapeti, manake maji yanayoshuka kule yanakuja na majani na mchanga, yanakutana na tope la chumvi linalorushwa na tairi msimu wa theluji, vyote vinajikusanya pale chini kabisa pasipopata hewa. Wewe unaona matatizo mawili, mimi naona maji yaleyale na njia yake.

Sasa usiniamini mimi, mwaga maji. Chagua siku kavu, toa kapeti yote ya mbele, ukiweza toa na kiti cha abiria, lala chali kichwa chini ya dashibodi na tochi. Mtu wa nje ashike mpira wa bustani, maji ya taratibu, amwage kwenye vitundu tu, tone lisiguse kioo. Dakika tano upande wa abiria, kisha upande wa dereva. Ukiona tone linatoka kwenye boksi la hita au juu yake, umeshapata jibu lako. Pakibaki pakavu kabisa ndo amwagie kioo, hapo raba itajisema yenyewe. Alafu mtu wa nje aangalie pia kama maji yanatoka chini pande zote mbili kwa kasi inayolingana. Upande mmoja ukitoa mchirizi mwembamba, njia imeziba. Na usichanganye hii na hita inayovuja: ile inalowesha kapeti injini ikiwa moto, hata kama ni kiangazi, na majimaji yake yanateleza kidoleni na yana harufu tamutamu. Wewe umesema mvua, kwa hiyo hita niiache.

Nikwambie kisa changu kwanza, manake na mimi nilishalipa ada ya somo hili. Mimi nilijifunza kazi ya bodi Mombasa, kule kutu inakuja na upepo wa bahari, inakula gari toka nje unaiona. Nilipofika huku mtu akaniletea Mustang ya 1966, sakafu ya abiria imetoboka mkono unapita. Nikakata, nikaweka bati jipya, nikachomelea safi, sila ya kuziba mishono, rangi, nikapiga picha na nikajisifu. Msimu uliofuata jamaa karudi, kapeti imelowa, na bati langu jipya limeanza kuwa la hudhurungi kwenye mishono. Nilitibu kidonda cha mguu na mgonjwa bado anakanyaga msumari uleule. Ile kazi niliirudia bure, na nilipoifungua kauli ndani nilitoa majani meusi yaliyosagika kama machicha ya nazi yaliyolala, ndoo nzima ya lita 20 ikakaribia kujaa, na kofia ya tundu la abiria haikuwepo kabisa, palibaki duara la vumbi jekundu. Toka siku hiyo naanza juu nashuka na maji.

Ndo maana hilo wazo la rangi na faibaglasi silitaki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa bati ni kinyume, ukiziba ndo utajenga ukuta. Kutu inataka maji na hewa tu, na faibaglasi juu ya bati lenye kutu inafunika maji ndani yake, haishiki kwenye magamba, ukingo unaachia kidogo tu usioonekana kwa macho, unyevu unaingia haupati pa kutokea, na wewe juu unaona sakafu nyororo. Zile rangi za kuzuia kutu si mbaya, natumia, lakini pale ambapo bati bado ni zima na kutu ni ya ngozi tu. Kwenye tundu au kwenye kutu ya tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma, hapana. Kuna pia zile kofia za plastiki zinazouzwa za kupachika kwenye tundu na gundi, zinaingia bila kufungua kitu. Kama bati la pembeni ni gumu zinaweza kukusogeza mwaka mmoja miwili. Kama bati la pembeni ni chekeche unagundisha nini na nini?

Kabla ya kukata chochote tafuta ukubwa wa ugonjwa, na hapa ndo watu wengi wanajidanganya kwa sababu wanaogopa jibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Chukua sumaku ndogo ile ya friji uifunge kitambaa isikwaruze rangi, pita nayo gari nzima chini ya usawa wa goti na kuzunguka matao ya tairi, mahali inapoteleza bila kushika kuna puti nene, ile ya kujazia mabonyeo, au faibaglasi. Hapo juu ya tairi yako ya nyuma nahisi haitashika. Alafu ingia chini na bisibisi nyembamba, gonga na kuchoma, usione haya. Bati zima linalia ting, lililooza linalia kama boksi la viatu. Choma hasa maboksi marefu ya chini ya milango, choma mihimili ya mbele inapoingia chini ya sakafu, manake ule mhimili umekunjwa kama mfereji na kubandikwa chini ya sakafu, na maji yanakaa katikati yake. Choma lile boksi la pembeni linalounganisha mhimili wa mbele na boksi la mlango, mafundi wanaliita toki boksi. Choma sahani ya kushikia betri mbele kulia na bati la chini yake, asidi imefanya kazi pale miaka mingi. Kama ile lami nyeusi ya chini imepigwa nene na inaonekana mpya mpya, ikwangue, muuzaji hapaki lami mpya chini ya gari kuukuu kwa mapenzi. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu ingiza kwenye matundu ya kutolea maji, utaona ndani ya boksi la mlango bila kukata kitu.

Hii gari haina chesi ya kutenganisha na bodi, bodi ndo chesi. Kwa hiyo ukikuta toki boksi, mhimili au boksi la mlango limeoza, hizo ni nguzo za nyumba, zinakuja kabla ya kauli na kabla ya sakafu. Huzikati gari ikiwa imening'inia kwenye jeki mbili. Gari ikae sawa kwenye sehemu za sispensheni zinazobeba uzito wake, unachomelea bomba la mraba ndani ya kila uwazi wa mlango, mshazari na mlalo, unapima nyufa za mlango na kuandika, unakata upande mmoja tu, unamaliza, ndo unahamia wa pili. Nimeona kupe iliyokatwa boksi zote mbili kwa pamoja, ilipomalizwa mlango wa dereva ulikuwa unafunga kwa teke. Kama nguzo zako ndo zimeoza na kuchomelea unajua kidogo, hio sehemu mpe mtu mwenye mazoea nayo, hata kama mengine yote utafanya mwenyewe.

Nguzo zikiwa nzima, twende kwenye kauli. Toa boneti, madigadi zote mbili, waipa na mota yake, zile fimbo zinazoshika kauli na minara ya sispensheni, kioo cha mbele, mto wa juu wa dashibodi, boksi la hita. Ndio, kazi ni nyingi, mimi kwa kauli peke yake nahesabu wiki nzima na mtu wa mara ya kwanza asijiahidi kitu. Kisha unatafuta spoti weldi moja moja. Piga burashi ya waya mshono mzima utaona vidimbwi vidogo vya duara, toboa kijishimo cha katikati, alafu tumia ile biti maalum ya kukata spoti, milimita 8, ukate bati la juu tu usivuke la chini. Ni zaidi ya mia, mkono utalia. Usilazimishe na patasi mahali pamegoma, ukiona halitoki kuna spoti umeisahau, mara nyingi iko chini ya sila ya zamani. Bati la juu likitoka salama unalirudisha lilelile.

Ndani safisha kila kitu uone. Vipande vipya vya bati la chini vinauzwa, upande mmoja mmoja au boksi zima, na nakushauri kama kofia moja imeoza badilisha zote mbili, kufungua mara ya pili hutaki. Hapo wakati pamefunguka paka ipoksi praima, ile rangi ya kwanza ya kulinda bati, kila pembe, uwape hawa mabati kitu ambacho hawakuwahi kupata kiwandani. Sila inakuja juu ya ipoksi, kwenye mishono, na tafadhali sana usijaze sila kwenye ncha mbili za njia ya maji kwa kuona kama ni mwanya uliosahauliwa. Nimeona kazi nzuri ikigeuka bakuli namna hiyo. Kabla bati la juu halijarudi mwaga maji tena, na likirudi mwaga tena kabla ya madigadi.

Sakafu baada ya kauli ni nafuu, vipande vyake vinauzwa vimeshakunjwa mbavu zote. Kata mpaka ufike bati linalong'aa, sio mpaka ufike bati linaloonekana zuri kidogo. Waya wa mashine uwe wa milimita 0.6, gesi iwe mchanganyiko wa argoni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi asilimia 25, ule waya usiotumia gesi uuache kwa mageti manake kwa bati hili jembamba utakuwa unatoboa zaidi ya kuunga. Usivute mstari mrefu. Piga nukta hapa, nenda nukta kule mbali, rudi pakiwa pamepoa mkono unagusa, alafu jaza katikati polepole. Mahali bati linalalia bati, toboa la juu mashimo ya milimita 8 na ujaze, na kati ya mabati hayo paka ile praima inayovumilia kuchomelewa, nyepesi, ila ndani ya shimo lenyewe uifute, weldi inataka chuma tupu. Ukitumia dawa ya asidi ya fosfori kulainisha kutu ya ngozi, fuata chupa inavyosema kuhusu kuosha kabla ya ipoksi, asidi iliyobaki inainyanyua rangi baadae ukadhani ipoksi ni mbovu.

Sasa moto. Sehemu hii soma mara mbili. Kwenye Mustang yako tangi la petroli limechomekwa toka juu kwenye buti, yaani ile sakafu ya buti unayowekea mizigo sehemu kubwa ni mgongo wa tangi lenyewe. Watu wanachomelea tao la tairi ya nyuma bila kujua tangi liko hatua moja. Litoe, litoke nje ya gereji kabisa, na paipu zizibwe, kabla hujawasha mashine hata kama siku hiyo unachomelea mbele. Betri ikatwe. Ile lami ya chini inashika moto upande usiouona na kudondoka ikiwaka, kwa hiyo kwangua kila unapochomelea, weka mtungi wa kuzimia moto na mtu wa pili, na ukimaliza usiende kula, kaa nusu saa unanusa. Kama bati lina zinki moshi wake mweupe usiuvute, utatetemeka usiku kama una malaria. Na pale paa linapoungana na bati la ubavu wa nyuma kiwandani walijaza madini ya risasi yaliyoyeyushwa, ukipiga grainda pale unavuta vumbi la sumu, kwa hiyo usipiguse bila barakoa ya kweli, na kama hapana kutu usipiguse kabisa.

Kitu kingine usikate ni ile aproni ya kushoto, yaani bati la ubavuni mwa injini chini ya boneti, yenye namba ya gari iliyopigwa kwenye bati. Ukiona imeoza pembeni, tengeneza pembeni. Kucheza na hiyo namba Marekani ni kesi, hata kama nia yako ni safi.

Rangi ikishakamilika na hakuna kuchomelea tena ndo unapiga nta ya ndani, ile inayonyunyizwa kwa mrija mrefu wenye kichwa kinachorusha pande zote. Ingiza kwenye maboksi ya milango, ndani ya milango chini, kwenye mihimili, mpaka uone inatoka matundu ya maji. Kesho yake pitisha waya kwenye kila tundu la maji uhakikishe halijaganda. Ukiiweka nta kabla ya kuchomelea itawaka na kuharibu weldi, usibadilishe mpangilio.

Kuuza au kutouza? Kupe za 1967 zilitengenezwa zaidi ya 350,000, ndo Mustang ya kawaida kuliko zote za mwaka ule, na hiyo ni habari nzuri na mbaya. Nzuri kwa kuwa kila bati lake linauzwa jipya. Mbaya kwa kuwa bei yake haitapanda kama ya ile Mustang ya mgongo wa mteremko (fastback), hata uichomelee kwa dhahabu. Kama bisibisi imekuonyesha kauli, sakafu ya mbele na madigadi basi, baki nayo, hiyo ni Mustang ya kawaida ya Ohio na utaipenda. Kama mihimili, toki boksi na boksi zote mbili za milango zimekwenda pamoja na kauli, mimi ningetafuta bodi kavu kutoka Arizona au New Mexico, isiyo na injini hata, nikahamisha vitu vyangu, na hii nikaiuza kwa mwenye kutaka vipuri nikimwambia ukweli wote.

Mpaka ujue ni ipi, funika vile vitundu vya chini ya waipa kwa plastiki na utepe gari ikiwa imepaki nje, kapeti iliyolowa usiirudishe, na kile kiputo cha tairi ya nyuma kiache kilivyo. Tao lile lina bati la nje na la ndani yameungana ukingoni na kutu imeanza katikati yao, ukikigusa kwa msasa leo utapata tundu la ukubwa wa sahani na utashinda wiki mbili kwenye kitu ambacho zamu yake ni ya mwisho. Kiache hata kama shemeji zako wanakuja kuiona gari.